Fungu la Nyumba: Mwongozo kwa Anayetaka Kupangisha Vyumba Kiongoroni

Chombo kikirudi na kamba wakishauzwa, fedha haziendi mifukoni mwa watu moja kwa moja. Hutolewa kwanza mafuta, barafu na chakula cha safari. Kisha chombo hupewa fungu lake, nyavu fungu lake, ndipo nahodha na mabaharia wakae kuhesabu chao. Viwango hutofautiana chombo kwa chombo, na ugomvi wa mgao hauishi, lakini sijawahi kumsikia baharia wa delta ya Rufiji akiuliza kwa nini mbao zilizogongwa misumari zipewe fungu kama mtu. Anajua. Chombo kisipopata chake, mwakani hakuna cha kukikwangulia, kukikalafati wala kukipaka mafuta ya sifa, na wote watabaki nchi kavu wakitazamana.

Ajabu, mtu huyo huyo akishajenga vyumba vinne vya kupangisha, hesabu hiyo anaiacha baharini. Kodi ikiingia anaiita faida. Analipa ada ya mtoto, anachangia harusi, ananunua redio, na siku paa linapovuja anakwenda kukopa. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na kwa ajili yako unayefikiria kuweka fedha ya kaa, ya korosho au kiinua mgongo katika vyumba vya kupangisha Kiongoroni au kijiji kingine cha delta. Ninalokuomba ni moja: ihesabu nyumba kama chombo. Ipe fungu lake kabla hujajipa lako, na fungu hilo lipime kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba yenyewe, usilipime kwa asilimia uliyoisikia Dar es Salaam.

Kodi inayoingia kweli

Anza na mapato, maana hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya mapema. Kiongoroni hakuna foleni ya wapangaji kama ya Mbagala. Mpangaji wako ni mwalimu aliyepangiwa shule ya huku, mhudumu wa zahanati, mnunuzi wa kaa na matenga yake na mizani yake, au mvuvi wa kuja aliyechoka kulala dagoni na anataka chumba chenye mlango. Mwalimu ndiye wa uhakika, ila uhamisho ukija haukuombi ruhusa. Mnunuzi wa kaa analipa vizuri tena kwa mkupuo, lakini akisikia kaa wamepatikana kwingine, asubuhi unamkuta ameshapakia.

Kwa hiyo chumba usikihesabie miezi 12. Mimi huhesabu 9. Mwaka ukinipa 11 nashukuru, na ile miwili ya ziada naitia kwenye fungu la nyumba, kwa sababu chumba kilichokaliwa miezi 11 kimechakaa kwa miezi 11.

Ukaguzi wa kwanza ni kabla ya kununua

Gharama kubwa kuliko zote ya matengenezo unainunua siku unaponunua kiwanja. Ukionyeshwa kiwanja wakati wa maji mafu, ardhi imekauka na muuzaji anatabasamu, sema asante na urudi wakati wa bamvu. Tena bamvu kali ni lile la karibu na Machi au Septemba, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Katika delta hii maji ya bamvu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 hivi, na kiwanja kilichokuwa uwanja wa mpira kinaweza kugeuka bwawa. Tafuta mstari wa takataka: majani ya mkoko, vifuu vya nazi, chupa, povu lililokauka. Huo mstari ndio mpaka halisi wa kiwanja chako, chochote atakachokuambia muuzaji.

Yapo na ya sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto, na mikoko ni hifadhi ya serikali tangu enzi za Wajerumani. Kiwanja kilichofyekwa kutoka kwenye mikoko si kiwanja, hata kama jirani yako amejenga hapo na anaishi na wajukuu. Ardhi ya kijiji hupitia serikali ya kijiji na mkutano mkuu, si barua ya kuandikiana chini ya mwembe. Waulize na wazee maji ya mwaka gani yalifika wapi. Mto huu huhama: baada ya mafuriko makubwa ya 1978 maji mengi yalielekea matawi ya kaskazini ya delta, na sehemu za kusini zikazidi chumvi. Mzee aliyeyaona hayo anajua kuliko ramani.

Tembea na nyumba kutoka juu kwenda chini

Shika daftari. Anzia kwenye paa.

Bati katika hewa ya chumvi haliishi kama bati la Morogoro. Geji ni namba ya kinyume: kadiri inavyopanda, bati linakonda, kwa hiyo la 32 ni jembamba kuliko la 28, na wauzaji wengi hawatakukumbusha. Bati halianzi kuoza katikati. Linaanzia kwenye tundu la msumari na pale mabati mawili yanapolaliana. Msumari usio na mpira wake ni mlango wa kutu. Ukitaka kujua chumvi ya hapa ina nguvu gani, kumbuka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika matawi ya Rufiji na kuzamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915 baada ya kupigwa na Waingereza. Chuma cha manowari, unene wake unaujua, kile ambacho watu hawakukikata kuuza chakavu kililiwa mpaka kikazama topeni. Sasa wewe una bati la geji 32 na unaniambia fundi amekuhakikishia miaka 30.

Makuti ni habari nyingine. Makuti yaliyosukwa vizuri na kuezekwa kwa kubananisha yanakwenda miaka 3 hadi 5, yakiezekwa kwa uchoyo yanavuja mwaka wa pili. Ukigawa gharama kwa miaka, mara nyingi makuti ni nafuu kuliko bati, na chumba ni cha baridi. Lakini mimi kwa nyumba ya kupangisha naegemea bati, na sababu yangu ni maji. Visima vingi vya delta vina chumvi. Paa la bati lenye mfereji na simtanki linakusanya maji ya masika, na mwalimu mwenye mtoto mchanga atalipa zaidi kwa chumba chenye maji baridi ya kunywa mlangoni kuliko kwa chumba chenye rangi nzuri. Hapo paa linaacha kuwa gharama tupu. Weka mfereji na simtanki kwenye daftari kama vitu vya kutengenezwa, maana mfereji ndio unaong'oka kwanza kusi ikivuma.

Kuta. Nyumba nyingi za huku ni za nguzo, fito na udongo, nyingine zimepigwa plasta ya saruji juu. Nguzo za mkoko zina sifa toka zamani. Boriti za Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja na Arabuni, na vyumba vya nyumba za mawe za pwani vilikuwa vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Zinauzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkandaa na mkoko haviogopi mchwa sana, lakini mti wowote huoza mahali pamoja: pale unapoingia ardhini, kwenye ule mpaka wa unyevu na hewa. Chini zaidi ni mzima, juu ni mzima, kiunoni umekwisha. Kila mwaka chukua kisu, chokoa kila nguzo kiunoni mwake. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, nguzo hiyo ibadilishwe kabla ya masika. Kubadilisha nguzo moja moja ni kazi ya siku chache, kungoja zilale tano pamoja ni kujenga upya. Oili chafu kwenye sehemu inayozikwa husaidia, ila usiimwage karibu na kisima.

Na usinunue boriti za njia ya panya. Mikoko inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na ukataji ni kwa kibali. Bei ya kibali na ushuru iandike ndani ya bei ya boriti. Korja iliyokamatwa njiani imekugharimu mara mbili, na nyumba bado imeinama.

Plasta na sakafu huuawa na vitu viwili ambavyo havikugharimu shilingi: mchanga wa chumvi na maji ya chumvi. Utaona ukuta umechanua unga mweupe, kisha plasta inavimba, kisha inadondoka kama ngozi ya mgonjwa wa tetekuwanga. Mara nyingi fundi hulaumiwa bure. Onja mchanga kwa ulimi kabla haujachanganywa. Kama una chumvi, uoshe kwa maji ya mvua au uagize mwingine. Nondo ndani ya zege la maji ya chumvi inaoza kimyakimya, na siku lenta inapopasuka hakuna kiraka kitakachoiponya.

Choo ni pahala ambapo watu wa bara wakija kujenga huku hushangaa. Ukichimba shimo refu, maji ya ardhini yanakutana nawe njiani, na bamvu likija choo kinapanda badala ya kushuka. Choo cha delta hujengwa kwa kwenda juu: shimo fupi lililojengewa kuta imara, jamvi limeinuliwa, ngazi mbili tatu. Kinajaa mapema kwa sababu ni kifupi, kwa hiyo kiwe na nafasi ya pili pembeni, na gharama yake iingie daftarini kama kitu cha miaka michache. Wapangaji wa vyumba vinne wanatumia choo kimoja, nacho ndicho kitakachowafukuza kabla ya paa.

Milango, bawaba, makomeo, nyavu za madirisha: vitu vidogo, vinakufa kila mwaka, usivitafutie falsafa. Vitengee kiasi.

Mikono mitano

Bei ya dukani Kibiti si bei yako. Mfuko wa saruji unapanda gari kwa njia ya Bungu hadi Nyamisati. Unashushwa. Vijana wanaubeba hadi gatini. Unalipiwa nafasi kwenye boti. Boti ikifika maji yametoka, unabebwa topeni, kisha mabegani hadi kiwanjani. Hesabu mikono: kila mmoja unalipwa, na mmojawapo utaurarua mfuko.

Ndiyo maana sikubaliani na ile kanuni ya kutenga asilimia 10 ya kodi kwa matengenezo, au asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka. Kanuni hizo zilizaliwa mahali ambapo nyumba ni ghali, kodi ni kubwa, na duka la vifaa liko mtaa wa pili. Huku nyumba ni rahisi, kodi ni ndogo, na bati ni lile lile la kiwandani lililoongezewa nauli ya gari na boti. Asilimia 10 ya kodi ndogo hainunui hata kofia ya paa.

Kabla hujajenga, fanya jaribio hili: agiza mfuko mmoja wa saruji na bati moja kutoka Kibiti hadi kiwanjani kwako, na uandike kila shilingi iliyotoka, pamoja na soda ya mtu wa boti. Tofauti kati ya bei ya duka na bei ya kiwanjani ndiyo utakayoitumia katika hesabu zote zinazofuata. Fundi naye mhesabie nauli, chakula, mahali pa kulala, na siku anazokaa bure akingoja mzigo. Usimwite fundi kwa bawaba moja. Kusanya kazi mpaka zifike za siku nne au tano, isipokuwa paa, ambalo halingoji.

Hesabu yenyewe

Namba zifuatazo ni za mfano, nimezichagua zigawanyike kwa urahisi. Toa hizi, weka zako.

Tuseme vyumba vinne, kila kimoja shilingi 20,000 kwa mwezi. Mtu wa haraka anasema: mara nne, mara 12, ni 960,000 kwa mwaka. Kama ujenzi ulikula milioni 6, fedha imerudi ndani ya miaka sita na robo. Biashara nzuri, anakwenda kumwambia shemeji yake.

Wewe hesabu miezi 9: inakuwa 720,000. Sasa chukua daftari la ukaguzi. Kila kitu kina bei ya kukirudishia upya ikiwa ni pamoja na nauli na fundi, na kina miaka yake. Gawa bei kwa miaka. Paa la bati, tuseme 1,800,000 na litakaa miaka 12: kwa mwaka ni 150,000. Nguzo na kukandika upya, 240,000 kila miaka 4: 60,000. Plasta na sakafu, 300,000 kila miaka 5: 60,000 nyingine. Choo, 480,000 kila miaka 6: 80,000. Milango, makomeo, mfereji na vidogo vidogo, 50,000. Jumla 400,000. Ongeza 60,000 za dharura. Fungu la nyumba ni 460,000 kwa mwaka, na wewe umebaki na 260,000.

Milioni 6 ukiigawa kwa 260,000, unapata miaka 23. Yule wa miaka sita hakukosea kuzidisha, alisahau tu kwamba nyumba nayo inakula.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa na kazi, kabla ya kujenga. Ukiona fungu la nyumba linazidi nusu ya kodi unayoitarajia, una njia tatu. Jenga vyumba viwili badala ya vinne, uvijenge vizuri, maana chumba kitupu nacho kinaoza. Au ongeza kitu ambacho mpangaji wa huku atakilipia kweli: maji, choo safi, sehemu ya kuhifadhia matenga ya kaa kivulini. Au hamisha mtaji. Wapo watu wa delta waliojenga Nyamisati, Kibiti mjini au Mbagala na kubaki kuishi kwao. Siwalaumu. Kibiti mjini duka la vifaa liko karibu, kodi ni kubwa kidogo, na mpangaji akiondoka wa pili yuko njiani. Ila huko kuna makato yake. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida imekuwa 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi, tangu 2023. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anailipa yeye kodi ambayo ni yako, na mwungwana humpunguzia kwenye pango. TRA nayo ina asilimia 10 ya pango. Hayo yote yatoke kabla hujaita kitu faida.

Kalenda ni ya maji

Masika huanza Machi. Kazi ya paa iwe imekwisha Februari, hakuna mjadala. Panda mwenyewe Januari au mpandishe kijana mwepesi, akague kila msumari, kila bati lililolaliana, kila kuti lililochanika.

Mizigo mizito, bati, boriti, saruji, ilete wakati wa bamvu. Maji yakijaa boti inaingia ndani ya mkondo hadi karibu na kiwanja, na umeokoa mikono miwili kati ya ile mitano. Kazi za ardhini, kuchimba choo, kuzika nguzo, kuinua jamvi, zifanye maji mafu. Nimewahi kufanya kinyume. Nilichimba shimo la choo siku tatu kabla ya mwezi mpevu kwa sababu fundi alikuwa na nafasi wiki hiyo tu. Usiku wa pili maji yaliingia, asubuhi kuta za shimo zimelala ndani, na fundi bado anadai siku zake. Nilimlipa. Kosa halikuwa lake.

Kuna miaka ambayo kalenda yote inavunjika. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalizamisha mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika Mafia, ng'ambo tu ya delta. Mwaka wa namna hiyo kila mtu anamtafuta fundi yule yule, boti ile ile, bati zile zile. Kwa hiyo zile 60,000 za dharura usizile mwaka ukipita salama. Ziache zirundikane mpaka zifikie fungu zima la nyumba la mwaka mmoja. Zikifika hapo, sasa unaweza kupumua.

Fedha ikae wapi

Isikae na wewe. Nasema kwa uzoefu. Mwaka wa kwanza nilikuwa na fungu zuri tu, nikalitia kwenye laini ile ile ninayonunulia vocha na kukirimu wageni. Machi mpangaji wangu, mwalimu, alinipigia kwa adabu zake zote: "Shikamoo mzee, samahani, kitanda nimekihamisha mara mbili, sasa chumba kimekwisha." Nilipoangalia salio, ada ya shule ilikuwa imeshalila fungu. Nilikopa, nikanunua bati kwa bei ya masika, boti ikangoja siku mbili. Kiraka cha bati tatu kikanigharimu kama bati tisa.

Sasa nina laini ya nyumba peke yake, na daftari lake. Kama uko kwenye kikoba, angalia kinavunjwa lini. Kikivunjwa Desemba, hisa zako zinarudi mkononi wakati hasa wa kujiandaa na paa. Kikivunjwa Aprili, hakikufai kwa kazi hii. Njia nyingine ni kugeuza fungu kuwa vifaa mapema. Bati linatunzika ukililaza pakavu, boriti zinatunzika kivulini zikiinuliwa kutoka ardhini. Saruji haitunziki. Miezi mitatu ndiyo mwisho wake hata pakavu, na kwa unyevu wa delta hupungua hapo. Mfuko uliogeuka jiwe unafaa kuegeshea mlango tu. Misumari itie kwenye kopo lenye mafuta kidogo.

Nani anatengeneza nini

Andikianeni. Mwalimu hatakasirika, amezoea karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwachia mpangishaji anayepangisha sehemu ya jengo paa, kuta kuu za nje na mifereji mikuu, na inamtaka mpangaji atunze anachotumia. Fuata mgawanyo huo hata kama nyumba yako iko kwenye ardhi ya kijiji, kwa sababu ni wa haki na unaeleweka. Paa, nguzo, kuta, shimo la choo na simtanki ni vyako. Komeo lililovunjwa kwa teke, wavu uliotobolewa kwa sigara, usafi wa choo, ni vyao. Mwenyekiti wa kitongoji aweke sahihi kama shahidi.

Kisha ongeza sharti moja ambalo limeniokolea fedha kuliko yote: mpangaji akiona tone la kwanza akupigie siku hiyo hiyo, na wewe usimjibu kwa ukali. Wenye nyumba wengi hupokea taarifa ya tone kama tusi. Mpangaji akishajifunza kunyamaza, utaletewa habari paa likiwa limeshaanguka. Kama unaishi mbali, mwachie mtu wa karibu kiasi kidogo cha fungu, cha kununulia misumari na kuti kumi bila kukuuliza, akuandikie alichotumia. Na mpangaji akijitolea kutengeneza mwenyewe halafu mkate kwenye kodi, kubali kwa bawaba na komeo, kataa kwa paa na nguzo. Kazi hizo zinataka fundi anayeweza kulaumiwa.

Mwaka huu Februari imekwisha na paa langu halivuji. Kwenye fungu zilibaki shilingi 85,000. Nimenunua bati mbili, nimezilaza chini ya kitanda, na chenji nimeirudisha kwenye laini ya nyumba.